Kanuni Nayo Ina Hadithi Yake

Mhadhara wa wazi kwa vijana, walimu na wazazi wa Mikindani, Mombasa



Nimeombwa nizungumzie ubunifu wa michezo, na hasa swali ambalo kijana anayetaka kutengeneza gemu huja nalo kwanza: kipi kitangulie, kanuni au hadithi? Mmoja huja na kisa kirefu cha shujaa, kurasa na kurasa, na bado hajui mchezaji atafanya nini kwa vidole vyake. Mwingine huja na mchezo wa kukimbia na kuruka uliokwisha kukamilika, na sasa anatafuta mtu wa kumwandikia kisa cha kubandika juu yake. Wote wawili nawaheshimu kwa bidii yao, na wote wawili nawaambia warudi nyuma kidogo. Hoja yangu leo ni moja: kanuni yenyewe husimulia. Unachomruhusu mchezaji, unachomkataza na unachomtoza, vyote hivyo ni hadithi, upende usipende. Maneno yako yakisema hivi na kanuni ikasema vile, mchezaji ataiamini kanuni, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoitenda kwa mkono wake.

Tuanze nyumbani. Kitendawili!

Nyumba yatembea, na mlango wake umetiwa muhuri.

Hapa Mikindani mtu halikosi jibu hilo. Barabara ya Nairobi iko hapo juu, na matrela yenye kontena kutoka Kilindini hayakatiki mchana wala usiku. Lakini tuseme mmeshindwa. Nyote mnajua kinachofuata: nitasema, nipeni mji. Mtanipa Voi, nami nitakataa. Mtanipa Malindi, nitakataa tena. Mwisho mtanipa Mombasa, nami nitaipokea kwa furaha, kwa kuwa najua ndiyo mnayoionea uchungu. Kisha sina ruhusa ya kutoa jibu hivi hivi. Sharti kwanza niende katika mji wangu mpya, kwa maneno, nieleze nilivyopokewa, nilivyokirimiwa, watu walivyouliza habari zenu na nilivyowajibu. Hapo ndipo nitasema: ni kontena.

Tazameni ufundi uliomo. Aliyeshindwa hatoi pesa wala hachapwi. Anatoa mji ambao si wake, na bado inamuuma. Aliyeshinda naye hapewi ushindi wa bure, bali analazimishwa kusimulia. Na jibu, ambalo kila mtu barazani analitaka, limewekwa mwisho wa safari, ili wasikilizaji wavumilie majigambo yote wakilingoja. Hakuna aliyekaa akasema, sasa tuongeze hadithi mchezo usichoshe. Hadithi imo kama malipo ya kushindwa. Ondoa mji, na kitendawili kinakuwa mtihani wa shule: swali, jibu, alama. Nasikitika kwamba katika madarasa mengi ndivyo tulivyokifanya, na walimu mlioko hapa naomba mnisamehe kwa kulisema mbele yenu.

Hadithi zetu za usiku zina kanuni pia. Msimulizi anasema paukwa, na bila pakawa haendelei. Katikati ya ngano kuna wimbo, na wasikilizaji hupokea kiitikio. Sauti zikianza kufifia, msimulizi anajua watoto wamelala, au kisa kimewachosha. Wabunifu wa leo hufanya kazi kubwa kupima kama mchezaji bado yuko nao. Bibi zetu walilipima hilo kwa masikio tu.

Sasa tuje kwenye bao, na hapa nitakaa, maana sijui mchezo unaofundisha ubunifu kuliko huu.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32, lakini mwanzoni 10 tu ndizo ziko ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya ubavuni mwake. Nyingine 22 ziko ghalani. Kila zamu ya mwanzo unanamua kete moja kutoka ghala, mpaka ghala liishe, ndipo mchezo unaingia hatua ya mtaji, kete zote zikiwa ubaoni. Hayo ni maelezo ya mitambo tu. Sasa sikilizeni kinachosimuliwa.

Katika drafti na sataranji, kilicholiwa kimekufa. Kinatolewa nje ya ubao, na kadiri mchezo unavyoendelea ndivyo uwanja unavyozidi kuwa mtupu. Bao halifanyi hivyo. Ukila, zile kete unazichukua na kuzipanda upande wako, kuanzia kichwani, yaani mwishoni mwa safu ya mbele, na zamu inayofuata zinakufanyia kazi wewe. Mwenzako akila, zinarudi kwake, na zako zikiwa pamoja nazo. Hakuna kete inayopotea. Mali inahama, watu wanahama, na aliyekuwa tajiri sana anaweza kufukarishwa kwa zamu moja. Hiki ni kisa cha miji ya bandari, ambako mgeni wa jana ni mkwe wa leo na bidhaa ya huyu kesho ni ya yule, na kimesimuliwa bila picha wala neno lolote.

Halafu kuna nyumba. Unapokula ukapanda, na kete ya mwisho ikaangukia katika nyumba yako iliyojaa, kanuni inakuachia uamuzi: ulale hapo, mali yako ibaki, au uivunje nyumba na kwenda safari. Ukienda, unaweza kuzunguka safu zako zote mbili na kumla mwenzako hadi ashindwe kupumua. Unaweza pia kuimwaga mali yako mbele ya mashimo yake na kumwachia kila kitu. Na nyumba ikishavunjwa, haijengeki tena. Litabaki shimo kama mashimo mengine. Nimewaona wazee wakinyamaza kabisa mbele ya uamuzi huo, na watazamaji nao wakiacha kelele zao. Mbunifu yeyote, awe Tokyo au Changamwe, angetoa chochote kupata kanuni moja inayoweza kuwanyamazisha watu namna hiyo.

Na mwisho wake? Umeshindwa safu yako ya mbele ikiwa tupu, hata kama nyuma una kete. Mji una mali ndani, lakini mbele hapana mtu wa kuulinda, basi mji umekwisha. Alexander de Voogt, mtaalamu Mholanzi aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na kuandika tasnifu yake mwaka 1995, alivutiwa na uwezo wao wa kuhesabu mbele zamu kwa zamu kichwani. Ni kweli, ni mchezo wa akili. Mimi nasema pia ni mchezo wa visa, na ndiyo sababu watu husimama kuutazama hata wasipocheza.

Ngoja niwape mfano wa mchezo uliopokonywa hadithi yake. Wengi mnaijua Monopoly, ya kununua mitaa na kutoza kodi. Mwanamke Mmarekani, Elizabeth Magie, alipewa hataza ya mchezo aliouita The Landlord's Game tarehe 5 Januari 1904. Alitaka mchezaji aone kwa macho yake jinsi mwenye ardhi anavyotajirika kwa kukaa tu, na mpangaji anavyokamuliwa hadi kubaki mkavu. Aliutungia pia kanuni za namna ya pili, ambamo mapato ya ardhi huwafaidi wote. Miaka ikapita, watu wakaucheza kwa kanuni za ukiritimba peke yake, na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikauza Monopoly kwa jina la mtu mwingine, Charles Darrow, huku Magie akilipwa dola 500 kwa hataza yake. Maonyo aliyokusudia yalifutika mara kanuni zile za pili zilipoachwa. Ubao wa mitaa na kodi ungalipo, pesa za karatasi zingalipo, lakini mtoto anayecheza leo anajifunza kufurahia kumfilisi dada yake. Magie alikuwa na nia njema na maelezo mazuri, ila kanuni iliyobaki mezani ndiyo iliyosimulia.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mchezo wa Papers, Please, uliotengenezwa na Lucas Pope mwaka 2013. Wewe ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Kazi yako ni kukagua karatasi: tarehe, muhuri, picha, jina. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia, ukikosea unatozwa faini, na jioni unagawa mshahara kwa chakula, joto la nyumba na dawa za mtoto. Kisha anakuja mama asiye na karatasi moja, mumewe amekwisha kupita. Hakuna sauti inayokuambia uwe na huruma. Kuna saa inayokwenda, na mtoto mgonjwa nyumbani. Mtu yeyote wa mji wa bandari, aliyewahi kusimama getini na karatasi mkononi akimngoja karani, angepaswa kuucheza mchezo huo, kwa sababu unamweka upande wa pili wa dirisha.

Lakini kuna michezo ambayo kanuni na hadithi hugombana. Mwaka 2007 mbunifu Clint Hocking aliandika uchambuzi wa mchezo wa BioShock uliokuja kujulikana sana. Malalamiko yake, kwa ufupi, ni kwamba kanuni za mchezo zinakupa nafasi ya kujipendelea, nawe unaona matunda yake, huku hadithi inakulazimisha kumsaidia mtu mwingine bila kuulizwa. Vitu viwili vinavutana, na mchezaji anahisi ametaniwa. Tangu hapo wabunifu wengi wana jicho la kuuona mvutano huo. Nanyi muwe nalo.

Nalitumia jicho hilo sasa kwa mchezo ninaoupenda. Aprili 2024 ulitoka Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya studio ya Surgent iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye mashabiki wa gemu waliijua sauti yake alipomwigiza Bayek katika Assassin's Creed Origins mwaka 2017. Salim alifiwa na baba yake, na mchezo huu aliutunga kutokana na msiba huo. Kijana Zuberi anasoma kitabu alichoachiwa na marehemu baba yake, na ndani ya kitabu kuna Zau, mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa sharti: nikuletee pepo wakubwa watatu, unirudishie Baba. Mchezo mzima unaweza kuuchezea kwa sauti za Kiswahili, na mwaka 2025 ulipata tuzo ya BAFTA ya michezo inayovuka mipaka ya burudani.

Wapi kanuni inasimulia? Kwanza, vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Zau hapigani kwa silaha aliyoiokota njiani. Anapigana kwa urithi, kwa vitu alivyoachiwa na baba yake, na mchezaji lazima ajifunze kubadilisha kimoja kwa kingine haraka, moto na baridi, mpaka vidole vizoee. Kujua kutumia urithi ndiyo kazi yenyewe. Pili, mibuyu. Katika safari Zau anakutana na mibuyu, na chini yake anaketi kutafakari msiba wake. Hapigani, haruki. Akishaketi, uhai wake unaongezeka. Kanuni ndogo kama nini, na tazameni inavyosema: anayetulia na kumkumbuka marehemu anapata nguvu ya kwenda mbele. Hakuna khatibu aliyehitajika kulieleza hilo.

Wapi vinavutana? Kuna sehemu za miiba na mashimo ambapo ukikosea kuruka unakufa papo hapo, na papo hapo unarudishwa hatua chache nyuma, mara moja, mara tatu, mara kumi. Katika mchezo mwingine singejali. Katika mchezo wa msiba, ambamo mungu wa mauti mwenyewe anatembea nasi, kifo kisicho na gharama kinaulegeza uchungu wa kisa. Zau anafanya mapatano mazito kumrudisha mtu mmoja kutoka kuzimu, na yeye mwenyewe anatoka huko kila dakika bila Kalunga kufungua mdomo. Ningetamani kanuni ile iguswe, hata kidogo: Kalunga aseme neno, au kila kurudi kumpunguzie Zau kitu. Nasema hivi kwa sababu kazi hii ni nzuri na inastahili kuhojiwa.

Karibu na sisi kuna Lual Mayen. Alizaliwa familia yake ikiwa njiani kukimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alijinyima miaka mitatu akakusanya dola 300 za kumnunulia kompyuta, na kijana huyo akajifundisha mwenyewe kutengeneza gemu. Katika mchezo wake aliouita Salaam, mchezaji ni mkimbizi anayekimbia, na alibuni kanuni ambayo chakula, maji au dawa unayomnunulia mhusika ilikusudiwa imfikie mkimbizi halisi kambini. Hapo kanuni imetoka nje ya kioo cha simu. Mtu anaweza kubisha juu ya biashara yake, lakini kama ubunifu, unachofanya mkono na kinachosema kisa ni kitu kimoja.

Kenya tumekuwa na majaribio mengine pia. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015, mchezo wa kupiga risasi ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanaivamia Nairobi. Ulikuwa ujasiri mkubwa kwa wakati wake, na mafundi wengi walitiwa moyo nao. Hata hivyo, mji ule ungeubadilisha kwa mwingine na mchezaji angefanya yale yale: kulenga, kufyatua, kujificha. Majengo ni yetu, kanuni ni ya mtu mwingine. Kizazi chenu kianzie hapo.

Na sasa Mikindani yenyewe. Teremkeni mpaka hori ya Tudor. Mikoko ya Mikindani imeandikwa habari zake na watafiti kwa miaka mingi: inavyokatwa kwa kuni na nguzo, inavyopokea maji taka ya mitaa yetu. Ningekuwa kijana ningetunga mchezo hapo, na sitawaficha namna ambavyo ningeutunga.

Nisingeanza na shujaa. Ningeanza na maji, kwa sababu maji hapa ndiyo yenye amri. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa katika bandari hii hupita mita tatu, na msitu wote umepangwa kwa amri hiyo: mlilana mbele kabisa baharini, mkoko nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu ukielekea nchi kavu. Karatasi ya manila inachorwa mistari mitano. Mchezaji anapanda mche wake, ambao ni kifuniko cha soda, kifudifudi, na haruhusiwi kuutazama mpaka maji yapwe. Akiupanda chini mno, maji yanaufunika muda mrefu na unakufa, kama inavyokufa miche halisi inayopandwa kwa haraka mahali ambapo hata zamani mikoko haikuota. Anasubiri zamu kadhaa bila kujua. Kusubiri huko ndiko hadithi.

Halafu ana watoto wa kulisha. Kila zamu anahitaji pesa, na mti uliokomaa ni pesa ya leo, lakini samaki na kaa hukua kwa hesabu ya miti yote ubaoni, yangu na yako. Kila nyumba mpya inayojengwa inashusha punje moja nyeusi ya maji taka. Na ndani ya rundo la kadi iko moja ya mvua kubwa, kwa maana mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache, hapo jirani, ukafunika mizizi ya kupumulia na msitu mkubwa ukafa. Kadi hiyo mtu asiilaumu kwa kuwa ni ya bahati. Anayeikuta akiwa na miti mingi nyuma yake atabaki na kitu. Aliyefyeka hatabaki na kitu.

Katika mchezo huo sijaandika popote kwamba tuhifadhi mazingira. Sijaweka mzee wa kutoa wosia. Kama kanuni zangu ni za kweli, watu wanne watakaocheza watagombana wenyewe juu ya nani amekata sana, na ugomvi huo utakuwa ni hadithi yao, na kila meza itakuwa na yake. Ikiwa hawagombani, kanuni zangu ni mbovu, na maneno mazuri hayataziokoa.

Kwa hiyo nina kipimo kimoja cha kuwapa, nacho ni kigumu. Mkishatunga mchezo, ufuteni kila neno la kisa. Wapeni watu wasiowajua, waelezeni kanuni tu, wacheze. Wakimaliza waulizeni: mchezo huu ulikuwa unahusu nini? Wakijibu njaa, au uroho, au kungoja, na ndicho mlichokusudia, sasa andikeni hadithi yenu, itakaa vizuri. Wakisema ulikuwa wa kusogeza vifuniko, rudini kwenye kanuni kabla hamjamwita mchoraji wala fundi wa programu.

Wazazi, nawaomba jambo moja. Kijana akikaa na karatasi na vifuniko vya soda akibishana na wenzake juu ya nani alipe nini, msimwambie aache kucheza akafanye kazi. Walimu, rudisheni mji katika kitendawili, darasani, kesho. Na nyinyi vijana, wafuateni wazee wanaocheza bao, mketi nao, mjifunze kunamua mpaka mjue kwa nini mtu huogopa kuivunja nyumba. Kisha mkatunge michezo ya hapa, kuanzia karatasi ya manila. Kompyuta itafuata.